Ulimi uliokwama: uchambuzi wa kisa cha kinyonga na mende mkubwa

Kinyonga wa kisa hiki ni dume la Furcifer pardalis, aina inayotoka Madagaska, mwenye umri wa miaka mitatu na uzito wa gramu 170 hivi. Mwenyewe amemfuga tangu akiwa mdogo. Kizimba chake ni cha wavu pande zote, kina mimea ya kutosha, taa ya joto juu na taa ya UVB kando yake, yaani ya mionzi ya urujuanimno inayomsaidia kinyonga kujitengenezea vitamini D3. Chakula chake kikuu ni mende wa dubia, ambao kitaalamu huitwa Blaptica dubia, na tangu alipokomaa alikuwa akipewa mende waliokomaa vilevile, wenye urefu wa sentimita 4 hadi 4.5. Nayataja haya mapema kwa sababu watu wengi wakisikia yaliyompata hukimbilia kusema kwamba alipewa mende asiyemweza. Sivyo. Mende wa ukubwa ule alishakula wengi, wote kwa usalama.

Kilichobadilika asubuhi ile ni mahali mende alipokuwa amesimama.

Kilichotokea

Mfugaji alikuwa na safari. Kwa kawaida humlisha saa nne hivi asubuhi, taa zikiwa zimewaka kwa muda, na mende huwekwa ndani ya chombo cha plastiki kilichotundikwa karibu na tawi. Siku hiyo aliamka kabla taa hazijawaka sawasawa, akafungua kizimba, akamweka mende jike kwenye wavu wa ukuta kwa ndani, umbali wa kama sentimita 20 kutoka kwenye tawi alilolalia kinyonga, akafunga mlango akaondoka. Kamera ndogo iliyomo kizimbani ilirekodi yote. Nilitumiwa video baadaye, nikaitazama kwa mwendo wa polepole, nikairudia sehemu moja moja.

Mende amesimama kichwa juu, mgongo umeelekea kwa kinyonga. Vipapasio vyake vinacheza, mwili umetulia. Kinyonga anaelekeza macho yote mawili mbele, anasogea hatua moja, anafungua mdomo, ncha ya ulimi inachungulia, kisha anafyatua. Ulimi unatua katikati kabisa ya mgongo wa mende. Mpaka hapo ni windo zuri. Ulimi unaanza kurudi, lakini mende haji.

Wavu unatuna kuelekea ndani. Mende amejibana bapa, miguu yote sita imetanuka, kucha zimezama kwenye matundu ya wavu. Ulimi umekaza, umekuwa mwembamba katikati, na kinyonga mwenyewe anavutwa mbele: mguu wa mbele wa kulia unaachia tawi na kubaki hewani, mkia unajikaza zaidi. Hali hii inadumu sekunde kadhaa, muda mrefu sana kwa tendo ambalo kwa kawaida huisha kabla jicho la mtu halijalifuata. Hatimaye mguu mmoja wa nyuma wa mende unakatika kwenye kiungo, na mende anang'oka. Mguu ule mfugaji aliukuta jioni bado upo kwenye wavu, kucha zake mbili zimenasa kwenye uzi.

Ulimi haukurudi kwa kasi yake. Ulijikunja nusu, ukalegea, mende akining'inia chini ya tawi. Kinyonga akainamisha kichwa, akaumeza ulimi kidogo kidogo, akamfikisha mende mdomoni, akatafuna mara mbili tatu, kisha akamwachia akaanguka. Akabaki amefungua mdomo kwa muda, akafunga macho mchana.

Kesho yake mfugaji akampa mende mdogo. Kinyonga alimtazama, akasogea, akafungua mdomo, ncha ya ulimi ikatoka kidogo, ikarudi. Akajaribu tena, vilevile. Siku ya tatu nikapata ujumbe: "Kaka, amegoma kula. Nimempa mende, nimempa nyenje, nimempa funza, vyote anavitazama tu."

Neno hilo la kugoma ndilo lililonishtua zaidi kuliko video. Kinyonga aliyegoma hamtazami mdudu, huligeuzia chakula ubavu. Huyu alikuwa anataka kula na hawezi. Kila mdudu aliyewekwa mbele yake alikuwa anamfanya ajaribu kutumia msuli ulioumia. Kwa hiyo ushauri wa kwanza nilioutoa ulikuwa kuacha kabisa kumwonyesha chakula cha kufyatulia, kumnyunyizia maji ya kutosha ili anywe, na kumpeleka siku ileile kwa daktari wa wanyama anayejua wanyama watambaao.

Ulimi wenyewe

Ili kuelewa kwa nini sekunde chache zilitosha kumlemaza, inabidi kuujua ulimi wa kinyonga unavyofanya kazi, kwa sababu una injini mbili tofauti, ya kwenda na ya kurudi.

Ndani ya ulimi kuna mfupa mwembamba mrefu, na kuuzunguka kuna msuli wa kufyatulia. Kati ya msuli na mfupa kuna tabaka za kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazohifadhi nguvu zikinyooshwa. Kinyonga anapojiandaa, msuli unabana na kuzinyoosha tabaka hizo. Anapofyatua, nguvu iliyohifadhiwa humo inaachiliwa ghafla, sawasawa na upinde unavyouachia mshale. Ndiyo maana ulimi unaweza kwenda mbali kuliko urefu wa mwili wake, bila kuhesabu mkia, na kwa kasi ambayo msuli peke yake usingeiweza.

Kurudi ni kazi nyingine kabisa. Hapo hakuna upinde. Kuna msuli mrefu ambao hukaa umejikunja nyuma ya ulimi, hunyooka mara nyingi zaidi ya urefu wake wa kawaida ulimi unapotoka, kisha unatakiwa kuvuta mzigo wote nyumbani kwa nguvu yake mwenyewe. Ni msuli wa ajabu, na viumbe wachache wana msuli wenye uwezo wa kunyooka na kujikunja kiasi hicho. Lakini bado ni msuli, na msuli ulionyoshwa mpaka mwisho kisha ukashikiliwa upande wa pili unachanika nyuzi zake.

Kuna swali ambalo mfugaji aliniuliza, na ni swali la haki: kwa nini asiachie tu? Jibu liko kwenye mate. Mwaka 2016 watafiti walipima ute wa ncha ya ulimi wa kinyonga wakakuta mnato wake ni kama mara 400 ya mate ya binadamu. Ute mzito namna hiyo una tabia moja: ukivutwa haraka unashika zaidi. Juu ya hapo ncha ya ulimi hujikunja kumzunguka mdudu na kumfyonza. Mfumo wote huo umeumbwa ili windo lisiponyoke, na watafiti haohao walikadiria kwamba kinyonga anaweza kuvuta windo lenye hadi theluthi moja hivi ya uzito wa mwili wake. Mende wa dubia hafiki popote karibu na hapo. Uzito wa mende haukuwa shida hata kidogo. Ulimi haukuwa unavuta mende, ulikuwa unavuta ukuta wa kizimba.

Kisha kuna baridi. Kipimajoto kinachoonekana pembeni ya video kinasoma nyuzi 19 za Selsiasi. Mwaka 2010 Christopher Anderson na Stephen Deban walichapisha utafiti waliofanya kwa kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, wakilinganisha ulimi katika nyuzi 15, 25 na 35. Waliona kwamba joto liliposhuka kutoka 25 hadi 15, kufyatua kulipungua kidogo tu, kati ya asilimia 10 na 19, ila kurudisha kulipungua kwa zaidi ya asilimia 42. Sababu ni ileile ya injini mbili: kolajeni haijali sana baridi, msuli unajali. Maana yake kwa mfugaji ni nzito. Kinyonga wa alfajiri anaweza kufyatua vizuri, akalenga vizuri, ukadhani yuko tayari kula, na kumbe uwezo wake wa kurudisha ulimi umepungua karibu nusu. Kufyatua kwake hakukuambii lolote kuhusu kurudi kwake.

Basi asubuhi ile mambo mawili yalikutana: mzigo uliokataa kung'oka, na msuli uliokuwa bado umelala. Naamini lolote kati ya hayo likiwa peke yake pengine lisingemuumiza kiasi kile. Lakini kama ningelazimika kutaja moja tu, ningetaja wavu.

Mende na miguu yake

Mende huyu si mkali. Haumi kwa maana ya kuuma, hapigi, hana sumu. Silaha yake ni kujibana. Akiguswa kwa juu hushusha mwili, huficha kichwa chini ya ngao ya kifua na kushika alichosimamia. Mwisho wa kila mguu kuna kucha mbili zilizopinda. Kwenye kitu laini kama plastiki au kioo kucha hizo hazina kazi, na dubia hana zile nyayo za kunata walizonazo mende wengine, ndiyo maana hufugwa kwenye ndoo la plastiki lisilo na kifuniko asiweze kutoka. Mweke kwenye wavu, kwenye gome la mti, kwenye kitambaa au kwenye zulia la nyasi bandia, naye anakuwa mnyama mwingine. Ukitaka kulipima hili bila kumhusisha kinyonga, mwache mende aliyekomaa atembee kwenye kitambaa kisha jaribu kumnyanyua kwa kushika mgongo. Kitambaa kitanyanyuka pamoja naye.

Hapa ndipo ukubwa unapopata maana yake. Mende mdogo naye hushika, lakini nguvu za miguu yake ni ndogo na ulimi wa kinyonga mkubwa humng'oa bila kuhisi. Aliyekomaa anashika kwa nguvu inayoweza kushindana na ulimi. Kwa hiyo aliyesema mende mkubwa ni hatari zaidi amesema kweli, ila sababu aliyoitoa, kwamba hatapita kooni, siyo iliyomuumiza mnyama huyu.

Jambo la pili kwenye miguu ni miiba. Mguu wa mende una safu za miiba migumu, na ya miguu ya nyuma ndiyo mirefu. Kinyonga haimezi windo zima. Hutafuna, huivunja kwanza. Meno yake yameota juu ya ukingo wa mfupa wa taya, hayang'oki yakaota mengine, na ufizi unaozunguka mfupa huo ni mwembamba. Kipande cha mguu kikijichoma pale na kubaki, bakteria hupata njia ya kuingia hadi kwenye mfupa. Nimeona taya iliyoharibika kwa namna hiyo, na ni ugonjwa wa polepole: uvimbe mdogo upande mmoja wa mdomo, mstari wa kahawia kwenye fizi, kisha mnyama anaanza kutafuna kwa upande mmoja.

Kuna hofu moja ambayo naomba iachwe, ile ya kwamba mende mkubwa akimezwa hai atatoboa tumbo atoke. Mende aliyepita kati ya taya za kinyonga amekufa au amevunjikavunjika. Hofu hiyo huwafanya watu wawaponde mende vichwa kabla ya kuwapa, jambo lisilo na faida, huku wakiwaweka palepale kwenye wavu.

Kwa daktari

Daktari alianza kwa kumtazama mdomoni. Ulimi ulikuwa mzima, haujakatika wala kukauka, lakini sehemu ya nyuma, pale msuli unapojikunja, ilikuwa imevimba. Kwenye ufizi wa chini upande wa kushoto kulikuwa na mchubuko na kipande cha mwiba, ambacho alikitoa kwa kibano na kusafisha pale.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimheshimu. Alikuwa na video, alikuwa na uvimbe, angeweza kuishia hapo. Badala yake alipiga eksirei. Kinyonga anayeshindwa kufyatua ulimi mara nyingi ana ugonjwa wa mifupa utokanao na upungufu wa kalsiamu; msuli wenyewe unahitaji kalsiamu ili ufanye kazi, na mfupa wa ulimi ukilainika hauwezi kubeba shinikizo la kufyatua. Upungufu wa vitamini A nao huharibu ngozi laini za mdomo na macho. Uambukizo wa mdomo, jicho lisilolenga vizuri, yote yanaweza kuonekana hivihivi kwa mtu aliye nje ya kizimba. Kama mnyama alikuwa na mifupa dhaifu tangu awali, mende wa kwenye wavu angekuwa kisingizio tu, na matibabu yangekuwa mengine kabisa. Mifupa ilikuwa mizuri. Mfugaji alikuwa akibadilisha taa ya UVB kwa wakati, akiwapaka mende unga wa kalsiamu isiyo na vitamini D3 karibu kila mlo na wenye vitamini mara chache kwa mwezi, na ilionekana.

Akapewa dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, dawa ya kusafishia ufizi, na amri moja: ulimi upumzike. Chakula kifike mdomoni bila kufyatuliwa.

Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kinyonga asiyezoea kushikwa akilazimishwa kufungua mdomo hupata msongo mkubwa, na taya linaweza kuumizwa na mtu mwenye haraka. Kilichofaa kwa huyu ni kumsogezea mdudu laini, kwa kibano cha mianzi, mpaka karibu kabisa na midomo, huku akiwa kwenye tawi lake. Alipotishwa kidogo na ukaribu huo alifungua mdomo, mdudu akawekwa kwenye ukingo wa taya, akatafuna. Baada ya muda akaanza kumdaka mdudu kwa taya mwenyewe. Mende pekee waliotumika kipindi hicho ni wale waliotoka kujivua gamba muda uleule, weupe kabisa, ambao mwili na miiba yao bado ni laini kwa saa chache kabla ya kugeuka kahawia. Yeyote mwenye kundi la dubia atawapata mara kwa mara akifunua asubuhi trei za mayai ya kuku wanamojificha, na sioni chakula bora kwa mdomo wenye jeraha.

Ilichukua wiki kadhaa. Kwanza alirudisha kufyatua kwa umbali mfupi, urefu wa kidole, kisha akaongeza. Mpaka leo hafyatui mbali kama zamani, na mfugaji ameacha kumtega kwa umbali. Kwa vinyonga wengine mwisho huwa mbaya zaidi. Ulimi unaweza kubaki nje usirudi kabisa. Hapo kazi ya mfugaji ni kuulowesha kwa maji safi ili usikauke, kumtoa mdudu aliyekwama, asiuvute wala asiukate, na kukimbia kwa daktari. Sehemu iliyokufa hukatwa, na kinyonga aliyekatwa ulimi anaweza kuishi miaka akilishwa kwa mkono, lakini ni maisha ya kutegemea mtu kwa kila mlo.

Mende mkubwa apewe vipi

Mfugaji, kwa uchungu wake, aliamua kutotoa tena mende waliokomaa. Nilimwambia wazi kwamba sikubaliani naye. Dume la gramu 170 linaweza kula dubia aliyekomaa kwa usalama, na alikuwa akimla. Kilichohitaji kubadilika ni chombo, saa na umbali.

Chombo kiwe kirefu kiasi mende asiweze kufika ukingoni, kiwe cha plastiki laini ndani pande zote, na kiwe na rangi nyepesi ili mende aonekane. Kuna kosa la kimya hapa. Vyombo vingi vya kulishia vinyonga vinatengenezwa na kipande cha wavu kwa ndani upande wa nyuma, ili nyenje wapande juu waonekane. Kwa nyenje ni wazo zuri. Kwa mende mkubwa kipande kile kinarudisha hatari yote ambayo chombo kilikuja kuiondoa, maana mende atapanda palepale na kushika palepale. Kibandue au tumia chombo kingine.

Mende kwenye plastiki laini ana tabia ya kuganda, na kinyonga hamtaki mdudu asiyetikisika. Inua chombo upande mmoja kidogo tu: mende atajaribu kupanda, atateleza, atajaribu tena, na mtikisiko huo unatosha. Wengine humlaza chali ili apige miguu. Nayo inafaa, ila ulimi hutua upande wa miiba, kwa hiyo mimi hupendelea kuinamisha chombo.

Kibano kinahitaji uangalifu wa aina yake. Mkono wa mtu ukimshika mende na usiachie kwa wakati, umefanya kazi ileile ya wavu. Mshike kwa mguu mmoja wa nyuma, kwa wepesi, karibu na kinyonga, na vidole viwe tayari kulegea. Kibano cha chuma kisitumike, ulimi ukikipiga unaumia. Kiganja kitupu nacho si salama kama kinavyodhaniwa, kwani mende hushika ngozi vizuri sana.

Saa: taa ya joto iwe imewaka muda wa kutosha na kinyonga awe ameshatoka kuota joto, rangi imefunguka, anatembea. Kwa aina hii sehemu ya kuotea joto huwa kati ya nyuzi 29 na 32. Joto hilo linahitajika pia baada ya mlo, kwa kuwa mende mkubwa aliyemezwa jioni, taa zikiwa karibu kuzima, atakaa tumboni usiku kucha bila kusagwa ipasavyo.

Kipimo kinachorudiwa na wafugaji, kwamba mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga, ni kizuri na nakiunga mkono kwa wadogo na majike membamba. Dume la dubia lina mabawa na mwili mwembamba, jike ni pana zaidi, kwa hiyo kwa kinyonga aliye kwenye mpaka mpe dume. Kwa aina ndogo za vinyonga usifikirie mende aliyekomaa kabisa.

Mende wa Madagaska wanaofoka, Gromphadorhina portentosa, ni habari nyingine. Aliyekomaa hufika sentimita 5 hadi 7.5, gamba lake ni gumu, miiba ni mikubwa, dume lina vinundu juu ya kifua, na tofauti na dubia ana nyayo za kunata zinazompandisha hata kwenye kioo. Chombo laini hakimzuii kushika. Kwa dume la kawaida la Furcifer pardalis sitoi waliokomaa kwa namna yoyote. Watoto wao wadogo, ndiyo. Wako wanaokata miguu ya nyuma ya mende mkubwa ili kuondoa miiba. Sipendi njia hiyo. Kama mdudu anahitaji kukatwakatwa akiwa hai ili awe salama, chagua aliye mdogo zaidi.

Mende wa nyumbani, wa jikoni na wa mitaro, wasikaribie kizimba. Hubeba minyoo na mabaki ya dawa za kuulia wadudu, na hakuna unga wa kalsiamu utakaorekebisha hilo.

Linabaki suala la kiasi, ambalo kwenye kisa hiki halikuwa na kosa lakini linawahusu wote wanaotumia mende wakubwa. Dubia mmoja aliyekomaa ana nyama ya wadudu wadogo kadhaa. Dume lililokomaa likipewa mmoja au wawili kila siku ya pili au ya tatu linatosheka. Protini ikizidi, na maji yakipungua, asidi ya yuriki hujikusanya kwenye viungo na figo, na kinyonga hupata jongo, maradhi yenye maumivu makali yasiyoponyeka kirahisi. Mende wana namna yao ya kuhifadhi nitrojeni ya ziada mwilini katika umbo la yureti, yaani chumvi za asidi hiyohiyo ya yuriki, kwa hiyo mende waliolelewa kwa chakula cha mbwa au paka, chenye protini nyingi, wanampelekea kinyonga mzigo huo ndani ya kila mlo. Walishwe majani ya kijani, karoti na matunda, hasa siku moja au mbili kabla ya kutolewa.

Kwa sasa dume huyu analishwa asubuhi iliyokwisha pata joto, mende mmoja, chombo kikiwa umbali wa kama urefu wa mwili wake au pungufu. Mende asiyeliwa hutolewa kabla taa hazijazima, kwa sababu akitoroka hujificha kwenye udongo wa mimea na kuonekana siku nyingine akiwa wapi? Kwenye wavu. Mara moja kwa wiki, anapofungua mdomo kudaka chakula, mfugaji huimulika fizi ya kushoto kwa tochi na kuipiga picha, kisha huilinganisha na ya wiki iliyotangulia. Daktari ameomba picha hizo ziendelee kwa miezi sita, maana uambukizo wa mfupa wa taya unaweza kuchelewa kujionyesha hata baada ya ufizi kufunga vizuri.